Sauti mbili, filamu moja: kisa cha Katuba

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, katika ukumbi wa parokia huko Katuba, Lubumbashi, tuliwaonyesha watoto 70 na kitu filamu ya msichana mdogo ambaye ugonjwa wake hauna tiba. Kesho yake jioni tukaionyesha tena, shuka lilelile ukutani, kwa watoto wengine wa mitaa ileile. Jumamosi msichana yule alikuwa "anajiandaa kwa safari". Jumapili alikuwa anakwenda kufa. Hakuna picha hata moja iliyobadilika. Aliyebadilika ni mtu aliyeshika mikro pembeni ya shuka.

Kisa hiki nimekaa nacho muda mrefu kabla ya kukiandika, kwa sababu aliyekosea ni mtu ninayemheshimu sana, na waliomtuma akosee ni sisi.

Tulikuwa watu watano, majirani na marafiki, wenye projekta moja ya kuazima na mabafle (spika) mawili ya kwaya. Tulitaka kuwaonyesha watoto filamu za kukua wakati wa likizo ndefu. Nikisema filamu za kukua nina maana ya zile ambazo mtoto anazianza akiwa mtoto na kuzimaliza akiwa amejua jambo moja ambalo wakubwa wake walikuwa wanamficha. Mara nyingi ndicho kisa chake chote. Hakuna vita wala hazina. Kuna mtu mdogo anayegundua kwamba baba anaogopa, au mama hajui la kufanya, kisha anarudi kulala katika nyumba ileile akiwa mtu mwingine.

Kuzichagua kulitugombanisha. Mmoja wetu alitaka ile filamu ya Kim Nguyen iliyompatia Rachel Mwanza Dubu wa Fedha wa mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Berlin mwaka 2012. Fahari yake naielewa: binti wa Kongo, aliyewahi kuishi mitaani Kinshasa, anasimama kwenye jukwaa lile mbele ya dunia. Lakini ile ni hadithi ya mtoto aliyefanywa askari, na ilipelekwa katika shindano kuu, kwa watu wazima. Filamu yenye mtoto ndani yake si lazima iwe filamu ya watoto. Jambo hilo hapa kwetu linachanganywa kila siku, na watoto wanaishia kuonyeshwa mateso ya watoto wenzao kwa jina la elimu.

Tuliangukia Supa Modo, filamu ya Kenya iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Ilionyeshwa Berlin mwezi wa pili wa 2018, katika kitengo cha watoto kiitwacho Generation Kplus, na baraza la waamuzi watoto likaitaja kwa heshima ya pekee. Jo ana miaka 9 na anapenda mashujaa wa sinema. Mama yake anamtoa hospitalini ili siku zilizobaki azimalize nyumbani. Dada yake mkubwa hawezi kuvumilia kumwona amelala akisubiri, basi anamfanya aamini kwamba ana nguvu za shujaa, na kijiji kizima kinaingia katika mchezo huo hadi kutengeneza naye filamu. Lugha zake ni Kiswahili, Kikikuyu na Kiingereza.

Neno Kiswahili ndilo lililotuponza. Tulisema: safi, kwa mara ya kwanza watoto watasikia lugha yao kwenye shuka, hakuna haja ya msaada. Tukawaita watoto wanne waijaribu sebuleni kwangu. Baada ya robo saa mmoja akaniuliza kwa upole: "Tata, bale bantu banasemaka luga gani?" Kiswahili cha Kenya kinakimbia, kinameza silabi, kinachanganya Kiingereza mahali ambapo sisi tunachanganya Kifaransa. Maneno yenyewe yanapishana. Shule kwetu ni masomo. Dada mkubwa ni yaya, ambaye Nairobi ni mtu wa kulea mtoto wa mwingine. Daktari wa hospitali watoto wetu wanamwita munganga, na ukivuka kwenda mashariki mganga ni mtu wa mizizi na hirizi. Kikikuyu hawakuambulia kitu. Na maandishi ya chini ya Kifaransa yaliwachosha wote, hata yule wa mwaka wa sita anayepata alama nzuri, kwa sababu kusoma Kifaransa daftarini na kukisoma kwa sekunde tatu huku ukimtazama mtoto anayelia ni kazi mbili tofauti.

Hapo nilikumbuka jinsi wanavyofanya Berlin. Kitengo kile cha watoto kilianza mwaka 1978, mwaka ambao tamasha lenyewe lilihamishwa kutoka kiangazi kwenda Februari. Mwaka 2004 wakakiongezea shindano la vijana, 14plus, na tangu 2007 vyote viwili vinaitwa Generation. Filamu za Kplus zinatoka kila pembe ya dunia na zinaonyeshwa kwa lugha zake zenyewe. Mtoto mdogo hawezi kukimbizana na maandishi, kwa hiyo anakuwepo msomaji anayesoma mazungumzo kwa Kijerumani papo hapo, filamu ikiendelea, sauti za waigizaji zikisikika chini ya sauti yake. Mtu mmoja anasoma kwa ajili ya wote, mama, mtoto na polisi. Tamasha kubwa kiasi kile, na bado suluhisho lao ni mtu na mikro. Mikro tulikuwa nayo.

Mtu tukampata haraka mno. Mwalimu wa shule ya msingi, karibu na kustaafu, mwenye Kiswahili bora, kile cha vitabu na cha mahubiri, na sauti ambayo mtaa mzima unaijua. Nusu ya wazazi wa watoto wale walipita darasani kwake. Alikubali bila kuuliza malipo, akaitazama filamu mara mbili, akaandika mambo yake kwenye karatasi.

Jumamosi alianza vizuri. Baada ya dakika kumi hivi nikaona kinachotokea. Mwalimu hakuwa anasoma, alikuwa anafundisha. Mtoto kwenye filamu akinyamaza, yeye anaingia: "Mnaona, watoto, sasa ana huzuni kwa sababu anawakumbuka wenzake." Dada akipanga hila yake, yeye anatuambia hiyo ni ishara ya upendo. Na kila mahali kifo kilipokaribia kutajwa, alikivika nguo nyingine. Jo atapumzika. Jo anajiandaa. Jo atasafiri mbali.

Ukumbi ulitulia, lakini utulivu wa darasani, mikono mapajani. Kwenye mazungumzo baada ya filamu vidole viliinuliwa kwa mpangilio, na majibu yakawa yale ambayo mtoto wa shule anajua yanatakiwa: inatufundisha kupendana, inatufundisha kutii wazazi. Kutii! Katika filamu hii wasiotaka kutii ndio wanaotuchukua moyo. Mwisho mvulana mmoja wa mstari wa mbele, hajafika miaka 9, akauliza: "Ku ile safari, atarudia siku gani?" Mwalimu akafikiri kidogo, akasema: "Siku moja, mwanangu."

Nilitazama chini.

Usiku tulikaa nyuma ya ukumbi kuzunguka mbabula, jiko la makaa, kwa sababu baridi ya Lubumbashi mwezi wa saba haina mzaha. Nilimwambia Mwalimu, kwa adabu niliyoweza, kwamba mtoto yule ameondoka na swali la uongo. Hakukasirika. Alisema: "Kijana, mimi siwezi kuwatangazia watoto wa watu kifo kwenye mikro." Sikuwa na jibu la haraka. Ila baadaye, nikirudi nyumbani kwa miguu, nilipita mbele ya nyumba yenye kilio. Viti vya plastiki barabarani, moto wa kuni, akina mama wameketi chini juu ya mikeka. Na waliokuwa wanabeba viti, wanaochota maji, wanaozungusha sahani za bukari, ugali wetu, ni watoto. Wale wale wa Katuba. Hakuna mtoto wa mtaa huu ambaye hajawahi kulala kwenye uwanja wa kilio akiwa amejifunika kitenge cha shangazi. Walichokosa ni nafasi ya kulizungumza jambo hilo wakiwa wameketi kama watazamaji, si kama wabeba viti.

Jumapili mikro alishika msichana wa miaka 17, mwanafunzi wa humanité (sekondari), mpwa wa mmoja wetu. Jumamosi usiku alikaa na daftari hadi umeme ulipokatika, akaendelea na mshumaa, akiandika mazungumzo yote kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Tulimwomba mambo machache tu. Sauti yako iwe chini ya ile ya filamu, usiigize kilio wala kicheko, na filamu ikinyamaza nawe nyamaza. Kuhusu kifo hatukumwambia kitu. Alikuwa ameshaandika "kufa", kwa kalamu ya buluu, bila kutuuliza.

Dakika za kwanza watoto walicheka, na ukumbi ukajaa vurugu hadi nikaogopa. Baadaye nilielewa. Kiswahili chetu cha nyumbani, kikisikika kwenye mabafle, wamekizoea kwa kuchekesha tu. Kundi la Mufwankolo limeifanyia Lubumbashi kazi kubwa kwa miaka mingi, redioni na kwenye televisheni, na watu wazima wote hapa wamekua wakicheka nalo. Lakini mtoto aliyezoea kwamba ukisikia "munganga" kwenye spika kuna kichekesho kinakuja, atasubiri kichekesho. Hakikuja. Msichana aliendelea kusoma kwa sauti ileile, na kicheko kikafa chenyewe. Kilichobaki nyuma yake sijawahi kukisikia katika ukumbi wa watoto: ukimya wa watu wanaosikiliza.

Karibu na katikati umeme ukakatika. Jenereta ilikataa kuwaka, na kwa dakika 20 tulikuwa gizani tukihangaika na kamba yake. Hakuna mkubwa aliyewasimamia watoto kwa wakati ule. Nilikuwa nimepiga magoti nje ya dirisha na tochi mdomoni, na huko ndiko nilikosikia mazungumzo bora ya siku zote mbili.

"Yaya yake anamuambia bongo," alisema mmoja. Bongo kwetu ni uongo.

"Haiko bongo, ni mchezo."

"Kama wewe uko mugonjwa, banakuambia uko na nguvu, haiko bongo?"

Wakabishana. Mmoja alisema mama yake alimwambia hivyohivyo juu ya bibi, kwamba yuko Likasi, kumbe alishazikwa. Mwingine akasema afadhali uambiwe bongo nzuri. Kisha sauti ya msichana, nadhani mkubwa kidogo kuliko wengine, ikasema polepole: "Mutoto haogopi. Yaya yake njo anaogopa."

Nimesoma maandishi ya wachambuzi wengi wa sinema, na sijui kama ningeipata sentensi inayoifikia ile filamu karibu zaidi.

Hapa ndipo kisa kiliponifungukia. Filamu nzima ni juu ya uongo mzuri: watu wazima wanamzungushia mtoto hadithi kwa sababu wao wenyewe hawawezi kuutazama mwisho wake. Anayetazama lazima awe nje ya uongo huo, ajue kwamba Jo atakufa, ndipo aweze kuuliza kama dada anafanya vema. Mwalimu, kwa kubadilisha kufa kuwa safari, aliuchukua uongo wa dada na kuuweka juu ya ukumbi wote. Watoto wa Jumamosi hawakuwa watazamaji wa Jo, walikuwa Jo. Walidanganywa pamoja naye. Ndiyo maana hawakuwa na la kusema isipokuwa majibu ya darasani: walinyimwa lile jambo moja ambalo filamu iliwaitia.

Na sauti ile ya kueleza haikuanza na Mwalimu wetu. Wakati wa Wabelgiji, sinema zilizungushwa na wamisionari na kuonyeshwa kwenye kambi za wafanyakazi wa madini hapa Katanga. Wakubwa wa enzi ile waliamini Mwafrika hawezi kuifuata filamu ya kawaida. Zikatengenezwa filamu nyepesi za kumfunza, na akawekwa mtu wa kueleza kwa lugha ya wenyeji nini kinaonekana na nini kifikiriwe. Babu zetu waliketi mbele ya sauti hiyo. Simfananishi Mwalimu na wakoloni, Mungu apishe mbali, yeye alifanya kwa upendo. Ninachosema ni kwamba mazoea ya kumwambia mtazamaji afikiri nini yalitufikia yakiwa yamevaa joho la ualimu, na sisi watano tuliyapa mikro bila kuyatambua.

Kuna watakaonikumbusha watafsiri maarufu wa filamu za kigeni, Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Nairobi, ambao nao hawasomi tu. Wanatia chumvi, wanawapa waigizaji majina, wanacheka na ukumbi. Nawapenda, na kwa filamu za ngumi ningewaalika kesho. Lakini sanaa yao inasimama waziwazi mbele ya filamu, kila mtu anajua ni nani anayesema. Mwalimu alisimama ndani yake, akijifanya ni filamu inayosema. Mtoto hana njia ya kuvitenganisha.

Sasa upande mwingine, ambao hauna raha kuuandika. Jumatano iliyofuata mama mmoja alikuja kwangu na mtoto wake wa miaka 5 mgongoni. Mtoto huyo alikuwa ameletwa Jumapili na dada yake wa miaka 10, kwa sababu kwetu hakuna dada wa miaka 10 anayetoka nyumbani bila mdogo wake. Tangu siku ile mtoto halali. Anauliza kama mdogo wao, aliyekuwa na malaria wiki ileile, anakwenda kufa kama yule wa filamu. Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Mulifikiria mutoto wangu?"

Hatukumfikiria. Mlango ulikuwa wazi kwa kila mwenye miguu. Kwa kutafuta ukumbi ujae, tuliacha sehemu nzima ya kazi. Berlin wanatenganisha Kplus na 14plus. Giffoni, lile tamasha la Italia lililoanza mwaka 1971 na ambalo waamuzi wake ni watoto wenyewe, linawagawa kwa umri kuanzia miaka 3. Nilikuwa nayachukulia makundi yale kuwa urasimu wa Wazungu wenye kumbi nyingi. Yule mama alinionyesha yanafanya kazi gani. Kweli niliyokuwa najivunia kuwapa wa miaka 10 niliitupa pia juu ya mtoto asiye na mahali pa kuiweka, kisha nikaenda kulala.

Sikubali, hata hivyo, kwamba hilo linamrudishia Mwalimu haki ya safari yake. Wa miaka 5 hakuhitaji filamu iliyolainishwa. Hakutakiwa kuwa mle ndani. Ukilainisha filamu ili imfae kila aliyepita mlangoni, unamwibia yule ambaye ilitengenezwa kwa ajili yake. Nililiombea radhi kosa la mlango. Tulikwenda nyumbani kwa yule mama, wawili wetu, tukakaa na mtoto, tukamwonyesha mdogo wake aliyepona akicheza na kifuniko cha sufuria.

Onyesho la tatu, mwishoni mwa mwezi wa nane, tulilipanga tofauti. Wa chini ya miaka 8 walikuwa na chumba cha katekesi, hadithi na uji, na mama mmoja tuliyemlipa, kwa sababu bila hivyo dada zao wasingekuja kabisa. Msomaji naye tulimlipa, kidogo, lakini mbele ya watu. Watoto saba waliketi kama waamuzi, wakaitazama filamu kwanza peke yao mchana na kuamua kama wenzao waonyeshwe. Waliikataa filamu moja tuliyoipenda sisi, wakisema mtoto wake anaongea kama mtu mkubwa. Tukaitoa.

Mwalimu aliendelea kuja. Sasa anaongoza mazungumzo ya baada ya filamu, na amekuwa hodari, kwa sababu miaka 30 ya darasani imempa subira ya kungoja mtoto anayetafuta neno. Wiki moja baada ya maonyesho yale aliomba aazimwe daftari la msomaji wetu, asahihishe Kiswahili. Binti alisita, lakini kwa mzee huwezi kukataa. Lilirudi likiwa limejaa kalamu nyekundu: "munganga" imekatwa na kuandikwa "daktari", "masomo" imekuwa "shule", kila "njo" imezungushiwa duara. Tulifungua kurasa moja baada ya nyingine tukitafuta mstari ule wenye "atakufa". Alikuwa ameusoma, maana nukta iliyokosekana mwishoni aliiweka. Neno lenyewe aliliacha.